Una presha? Je, mkojo wako umepimwa?

Ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaomeza tembe za presha kila asubuhi, hebu chukua kitabu chako cha kliniki ukifungue. Bila shaka utaona nambari nyingi zilizoandikwa kwa kalamu za rangi mbalimbali: 150/90, 144/88, 160/100, kila moja na tarehe yake. Sasa tafuta palipoandikwa matokeo ya mkojo wako. Tafuta palipoandikwa jinsi figo zako zinavyofanya kazi, kiwango cha sukari katika damu yako, na kama moyo wako umewahi kupimwa kwa ile mashine inayochora mistari kwenye karatasi. Huoni? Basi hauko peke yako. Wagonjwa wengi wa presha wanaofika kwangu wakitoka zahanati nyingine huja na vitabu vya namna hiyo, na baadhi yao wametibiwa kwa miaka minane au kumi.

Sisemi haya kwa nia ya kuwakashifu madaktari wenzangu. Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe, na aliyelilipia si mimi.

Mwaka wa 2011, nikiwa bado mchanga katika kazi hii, nilianza kumtibu mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa na umri wa miaka 49. Alikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Hakukosa miadi, hakuvuta sigara, na kila alipoketi mbele yangu alikuwa tayari amekunja mkono wa shati ili nimfunge kitambaa cha mashine. Presha yake ilikuwa ikicheza kati ya 150 na 160 kwa ile nambari ya juu. Nilimwongezea dawa moja, nikambadilishia nyingine, nikamshauri apunguze chumvi, nikaandika nambari kitabuni na kumwambia, "Mwalimu, tuonane mwezi ujao." Tuliendelea hivyo kwa miaka 5. Mwaka wa 2016 akaja akilalamika kwamba viatu vinambana ifikapo jioni, na kwamba mkojo wake una povu kama la sabuni. "Daktari, hili povu nimeliona kitambo," akaniambia, "lakini hukuniuliza." Siku hiyo ndipo nilipompima mkojo na damu kwa mara ya kwanza. Figo zake zilikuwa zimebakiwa na chini ya sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Kile kijikaratasi cha kupimia mkojo ambacho sikukitumia kwa miaka yote hiyo kiligharimu pesa kidogo kuliko nauli yake ya kuja kuniona.

Tangu wakati huo nimekuwa nikishikilia msimamo mmoja, hata pale wenzangu wanaponiona msumbufu. Nambari ya presha peke yake si ugonjwa uliokwisha kuchunguzwa. Ni taarifa kwamba kuna jambo la kuchunguza.

Presha ya juu haiumi. Wengi huamini kwamba mwenye presha lazima aumwe na kichwa au asikie kizunguzungu, na wasiposikia chochote hujiona wamepona wakaacha dawa. Ukweli ni kwamba mtu anaweza kutembea na presha ya 180 kwa miaka, akapanda matatu, akacheza harusini, ilhali mishipa yake midogo inaharibika kimyakimya. Anayemaliza kazi ni kiharusi, au mshtuko wa moyo, au moyo kuchoka usiweze kusukuma damu, au figo kufa. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa hapa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Nasi wakazi wa mijini tusijidanganye. Mwaka wa 1990 iliripotiwa matokeo ya utafiti uliowafuata Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kuja Nairobi. Presha yao ilipanda ndani ya miezi michache tu ya kuishi jijini, na vipimo vya mkojo vilionyesha kwamba chakula chao kilikuwa kimebadilika, chumvi ikiwa nyingi zaidi kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Hiyo ilikuwa kabla vibanda vya chipsi havijajaa kila pembe.

Hebu sasa tuwatazame watu wawili walioketi kwenye benchi moja nje ya chumba cha daktari. Mmoja ni fundi wa umeme wa miaka 41. Havuti sigara, sukari yake ni sawa, mkojo wake ni safi. Mwingine ni mama wa miaka 63 anayeuza nguo sokoni. Ana kisukari, lehemu katika damu yake imepanda, na mkojo wake una protini. Muuguzi amewapima wote wawili na kuandika nambari ile ile: 152/94. Je, wana ugonjwa mmoja? Kitabuni, ndiyo. Lakini fundi huyo huenda akatosheka na tembe moja, kupunguza chumvi, na kushuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya nyumbani ili atembee. Mama naye aghalabu atahitaji dawa mbili za presha, mojawapo ikiwa ya lile kundi linalokinga figo, tena aongezewe dawa ya kupunguza lehemu, na sukari yake isimamiwe kwa makini. Ukiwapa wote wawili tembe ile ile na tarehe ile ile ya kurudi, umemtendea mama huyo dhuluma bila yeye kujua.

Fikira hii ya kuhesabu hatari zote kwa pamoja si mpya. Ilipata nguvu kutokana na utafiti ulioanzishwa mwaka wa 1948 katika mji wa Framingham nchini Marekani, ambako watu 5,209 walifuatiliwa kwa miaka mingi ili ijulikane ni nani angepata ugonjwa wa moyo na kwa nini. Ilidhihirika kwamba presha, lehemu, sigara, kisukari na umri havijumlishwi tu kama hesabu ya dukani. Kila kimoja hukipa kingine nguvu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka wa 2019 majedwali mapya yanayomsaidia daktari kukadiria uwezekano wa mtu kupata kiharusi au mshtuko wa moyo katika miaka 10 ijayo, na kila sehemu ya dunia ina lake, ikiwemo Afrika ya Mashariki. Daktari hutazama umri, jinsia, sigara, kisukari, presha na lehemu, kisha kidole chake huangukia rangi: kijani ni chini ya asilimia 5, manjano ni 5 hadi 10, halafu rangi ya chungwa, nyekundu, na nyekundu iliyoiva ambayo ni asilimia 30 au zaidi. Pasipo na maabara, kuna jedwali jingine linalotumia uzito na urefu wa mtu. Ni karatasi tu. Inaweza kubandikwa ukutani katika zahanati yoyote.

Hata hivyo jedwali hilo lina mipaka, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Limeundwa kwa watu wa kuanzia miaka 40, na halimhusu yule ambaye tayari amepata kiharusi, mshtuko wa moyo au ugonjwa wa figo. Mtu anaweza kuangukia rangi ya kijani, kumbe figo zake zinavuja. Huyo si wa kijani tena. Ndiyo maana baada ya kuuliza hatari inayokuja, ni lazima tuulize pia madhara yaliyokwisha kuingia.

Tuanze na figo, kwa sababu ndizo zinazosahauliwa zaidi. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Damu inapopita humo kwa nguvu nyingi mno mwaka baada ya mwaka, vichujio hulegea, na protini ambayo ingepaswa kubaki katika damu ikaanza kupenya kuingia kwenye mkojo. Kijikaratasi kikichovywa katika mkojo hubadilika rangi na kutoa habari hiyo kwa dakika moja au mbili. Kweli, kipimo hiki huweza kudanganya. Homa, ugonjwa wa njia ya mkojo, hedhi au mazoezi makali vinaweza kuonyesha protini ambayo kesho haipo, kwa hivyo usihukumiwe kwa kipimo kimoja, rudia. Vilevile protini ikiwa kidogo sana kijikaratasi hakiioni, na hapo mkojo hupelekwa maabara ipimwe albumini, hasa kwa mwenye kisukari.

Kisha kuna kipimo cha damu kiitwacho kriatinini. Hapa nataka usikilize vizuri, kwa sababu wengi wameponzwa na neno "kawaida". Kriatinini inaweza kubaki ndani ya mipaka ya kawaida hadi karibu nusu ya nguvu za figo iwe imekwisha kupotea. Kwa hiyo mwombe daktari asisome nambari ya kriatinini pekee, bali afanye ile hesabu inayotumia pia umri na jinsia yako kukadiria kasi ya figo kuchuja damu. Simu yoyote ya kisasa huifanya kwa sekunde chache. Ikiwa jibu ni chini ya 60 na likabaki hivyo kwa miezi mitatu, una ugonjwa wa figo, hata kama unahisi una nguvu za ng'ombe. Katika damu hiyo hiyo hupimwa chumvi ya potasiamu, sukari na lehemu, na hivyo mkono unadungwa mara moja tu.

Moyo nao ni msuli. Mkono wa hamali ukijaa misuli ni sifa; moyo ukijaa misuli ni balaa. Ukuta wa upande wake wa kushoto hunenepa kwa kupambana na presha, kisha hukakamaa, na mwishowe huchoka. Kipimo kinachoitwa ECG, kile cha nyaya zinazobandikwa kifuani, huonyesha dalili za kunenepa huko na pia mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo huleta kiharusi. Mfano mashuhuri ni wa Rais Franklin Roosevelt wa Marekani. Mnamo Machi 1944 daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima na kukuta presha ya 186/108. Hakuishia hapo. Alichunguza moyo akaukuta umepanuka na unashindwa na kazi. Lakini dawa za kushusha presha tulizo nazo leo hazikuwapo, na tarehe 12 Aprili 1945 rais huyo alifariki kwa damu kuvuja ubongoni, presha yake siku hiyo ikiwa 300/190. Bruenn alijua tatizo lakini hakuwa na tiba. Sisi tiba tunayo, tena tembe nyingi kati ya hizo ni za bei nafuu, lakini hatutazami.

Kuhusu macho nitasema machache. Nyuma ya jicho ndipo mahali pekee ambapo daktari anaweza kuona mishipa ya damu kwa macho yake bila kupasua mtu. Tangu mwaka wa 1939 madaktari wamekuwa wakiyapanga madhara hayo katika ngazi nne, na ya nne ni ya hatari isiyongoja kesho. Mwenye presha aliye na kisukari pia aangaliwe macho kila mwaka. Na upande wa ubongo, daktari akuulize, na usipoulizwa useme: je, umewahi kupata ganzi au udhaifu wa upande mmoja, au ulimi kuwa mzito, kwa dakika chache kisha ukapona? Wengi huliita tukio hilo uchovu. Huenda lilikuwa kiharusi kidogo kinachotangulia kikubwa.

Kabla ya yote hayo ni lazima nambari yenyewe iwe ya kweli. Nimewaona watu wakipimwa presha wakiwa wamesimama kwenye foleni kanisani, mkoba begani, baada ya kupanda ngazi. Uketi kwa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, kibofu kitupu, usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa, na usiongee. Mkono mnene unahitaji kitambaa kipana. Kitambaa kidogo hupandisha nambari bure. Siku ya kwanza upimwe mikono yote miwili. Na isipokuwa presha iko juu sana, isithibitishwe kwa siku moja, kwa maana wako ambao huogopa koti jeupe la daktari.

Lakini sitaki mtu akimbilie upande mwingine wa kosa. Mijini kumezuka hospitali zinazouza vifurushi vya "uchunguzi wa mwili mzima" kwa maelfu mengi ya shilingi, ambapo kila mwenye presha hupigwa picha za kila aina. Juzi mama mmoja aliniletea bahasha nzito ya picha hizo. Ndani yake kulikuwa na kila kitu isipokuwa kipimo cha mkojo. Mwongozo wa kitaifa wa magonjwa ya moyo uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2018 unatambua umuhimu wa vipimo vya kawaida ninavyovitaja hapa. Picha ya moyo ya mawimbi ya sauti ina kazi yake, lakini ni kwa yule ambaye ECG au dalili zake zimetia shaka, au mwenye kukosa pumzi na kuvimba miguu. Mgonjwa aliyemaliza pesa zake kwa picha hana za kununua tembe mwezi ujao, na hiyo nayo ni hatari.

Iko sababu nyingine ya kutaka figo zijulikane mapema. Baadhi ya dawa nzuri kabisa za presha, kama enalapril na losartan, hukinga figo zinazovuja protini, lakini zinataka kriatinini na potasiamu zipimwe kabla na tena wiki chache baada ya kuanza, na mwanamke mjamzito haruhusiwi kuzitumia. Zaidi ya hayo, ukiingia kemisti yoyote utauziwa diclofenac au ibuprofen kwa maumivu ya mgongo bila kuulizwa lolote. Dawa hizo hupandisha presha na kuzidhuru figo zilizochoka. Mwalimu wangu alikuwa akizimeza kwa ajili ya magoti karibu kila wiki. Hilo pia sikumwuliza.

Mnamo Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii vifaa vya kazi, zikiwemo mashine za kupima presha na za kupima sukari. Nilifurahi. Lakini ningeomba wizara na kaunti ziongeze kikopo kimoja cha vijikaratasi vya mkojo katika kila mkoba. Tangu 2015 tumetumia mabilioni kuleta mashine zikiwemo za kusafisha damu katika hospitali za kaunti, na waliookolewa nazo ni mashahidi kwamba zilihitajika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu wa kusafisha damu hujengwa mara mbili kwa wiki, maisha yote, isipokuwa mtu apate figo ya kupandikizwa.

Wewe msomaji huna haja ya kusubiri wizara. Katika miadi yako ijayo, mwambie daktari kwa heshima, "Daktari, naomba tupime mkojo, figo, sukari na lehemu, na kama sijawahi kupimwa ECG, tupange lini." Matokeo yakitoka, yaandikwe katika kitabu chako mwenyewe pamoja na tarehe. Kila kitu kikiwa sawa, vipimo hivyo kwa kawaida hurudiwa mara moja kwa mwaka. Wewe mama uliyepata presha wakati wa ujauzito, litaje hilo hata kama mtoto sasa yuko chuo kikuu, kwa maana hatari yako ni kubwa kuliko ya wenzako. Na presha ikifika 180 kwa 120 huku kifua kinauma, pumzi zinakata, macho hayaoni vizuri au upande mmoja umelegea, hapo hakuna miadi. Nenda hospitali yenye huduma za dharura saa hiyo hiyo.

Mwalimu yu hai. Husafishwa damu Jumanne na Ijumaa, na bado husahihisha insha za wajukuu wake kwa kalamu nyekundu. Mwaka jana alimleta kwangu mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 33 anayefanya kazi katika duka la simu, aliyeambiwa na mashine ya kanisani kwamba ana 148/94. Kabla sijagusa mashine yangu nilimpa kikopo na kumwonyesha mlango wa choo. Mzee wake alicheka. Kijana alirudi, tukachovya kijikaratasi tukiwa watatu, na hakikubadilika rangi. Atarudi mwezi Januari kupimwa tena.